Kutoka Jambo OpenOffice hadi Rejesta ya Zahanati: Historia ya Programu Huria na Kiswahili katika Asasi za Afrika Mashariki

Ikisiri

Asasi za Afrika Mashariki, hususan zile za afya, zimetumia programu huria kwa zaidi ya miongo miwili. Makala hii inafuatilia historia hiyo kwa kulinganisha mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa OpenOffice.org kwa Kiswahili mwaka 2004, na mifumo miwili ya taarifa za afya, OpenMRS na DHIS2, iliyoenea katika kipindi hichohicho. Hoja yake ni kwamba ruhusa ya kutafsiri iliyomo katika leseni huria haitoshi kukiweka Kiswahili ndani ya kompyuta za asasi. Tafsiri hudumu pale tu panapokuwapo asasi yenye kazi ya kila siku inayoidai.

1. Neno huria kabla ya kompyuta

Kabla ya kuandamana na neno programu, neno huria lilikuwa limekwisha kupata kazi mbili mashuhuri katika Kiswahili cha Tanzania. Ya kwanza ni soko huria, msamiati wa mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, ambapo huria ilimaanisha kuondolewa kwa mkono wa serikali katika bei na biashara. Ya pili ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambapo huria ilimaanisha mlango ulio wazi kwa mtu asiyeweza kuacha kazi na familia akakae bwenini. Watu walioipokea istilahi programu huria katika miaka ya 2000 walikuja nayo wakiwa na maana zote mbili kichwani: kitu kisicho na bwana na kitu kisicho na mlango uliofungwa. Maana zote mbili zina ukweli nusu.

Tunataja jambo hili kwa sababu Kiingereza, lugha iliyoizaa dhana yenyewe, kilikwama mahali ambapo Kiswahili hakikukwama. Richard Stallman, aliyekuwa mtaalamu wa programu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alipotangaza mradi wa GNU mnamo Septemba 1983, alitaka programu ambazo mtumiaji ana uhuru wa kuzitumia, kuzichunguza, kuzigawa na kuzibadilisha. Neno alilolitumia kwa Kiingereza hubeba maana ya uhuru na vilevile maana ya kutolipiwa, na kwa miaka mingi wafuasi wake walilazimika kueleza kwamba hawakuwa wakizungumzia bei. Mwaka 1998 kundi la wenzao huko California lilipendekeza jina jingine, lenye kutaja uwazi wa msimbo badala ya uhuru wa mtu, kwa matumaini kwamba kampuni zingeliogopa kidogo zaidi. Msemaji wa Kiswahili hakuhitaji mjadala huo. Anayo bure na anayo huru, na hachanganyi moja na nyingine.

Hata hivyo, katika mazungumzo ya ofisini programu hizi huitwa mara nyingi programu za bure. Kosa hili si la kisarufi tu. Mhasibu anayeambiwa kwamba programu ni ya bure hatengi fedha za kuitunza, na mwaka wa tatu, seva inapojaa au toleo jipya linapotoka, hakuna kifungu cha bajeti kinachoitaja. Katika historia tunayoieleza hapa, gharama ya kuitunza programu na gharama ya kuitunza lugha iliyomo ndani yake zitaonekana kuwa na tabia moja: zote mbili huanza baada ya sherehe ya uzinduzi.

2. Kilichozivuta asasi

Maelezo ya kawaida husema kwamba asasi za nchi maskini zilikimbilia programu huria kwa sababu hazikuwa na fedha za leseni. Maelezo haya hayaafikiani vizuri na historia. Programu miliki zilinakiliwa bila leseni katika ofisi nyingi za ukanda huu, na kwa mtumiaji wa kawaida bei yake ilikuwa sifuri tayari. Kilichozivuta asasi kubwa kilikuwa kitu kingine, na mfano ulio wazi zaidi ni wa Afrika Kusini.

Utawala wa kibaguzi ulipoanguka mwaka 1994, serikali mpya ilirithi idara 14 za afya, kila moja ikiwa na fomu zake na namna yake ya kuhesabu wagonjwa. Mradi uliojulikana kwa kifupi HISP, ulioanzia Cape Town kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya huko na Chuo Kikuu cha Oslo, ulitengeneza programu ndogo ya kujumlisha takwimu za wilaya. Programu hiyo, DHIS, ilitolewa huria, ingawa toleo lake la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access, yaani nyumba ya wazi juu ya kiwanja cha mtu. Wajenzi wake hawakusukumwa na bei. Walikuwa wanahitaji kubadilisha fomu kila wilaya ilipokubali kuacha kiashiria kimoja na kuchukua kingine, na wasingeweza kungoja kampuni ya ng'ambo iamue kama mabadiliko hayo yana faida kwake.

Historia kama hiyo ilijirudia karibu na Eldoret, Kenya. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, nao pia wakitumia Microsoft Access. Mpango wa AMPATH wa kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI ulipopanuka, hifadhidata ile ilielemewa. Mwaka 2004 madaktari Paul Biondich na Burke Mamlin walifika Eldoret, na badala ya kukarabati mfumo uliokuwapo wakaanza kubuni mwingine, OpenMRS, pamoja na wenzao wa shirika la Partners in Health na wa Afrika Kusini. Mfumo huo ulianza kazi Eldoret mwaka 2006, na katika mwaka huohuo ukafika Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Baadaye Wizara za Afya za Kenya na Uganda zilipata matoleo yake ya kitaifa, KenyaEMR na UgandaEMR.

Nao wajenzi wa DHIS walihama kutoka kiwanja cha mtu. Toleo la pili, DHIS2, lilianza kuandikwa Oslo mwaka 2004 na kutumika kwa mara ya kwanza katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Kenya iliuweka mfumo huu kitaifa mwaka 2011 kwa seva moja ya katikati. Uganda na Rwanda zikafuata mwaka 2012, na Tanzania mwaka 2013. Leo unatumika katika nchi zaidi ya 70. Jambo la Kenya linastahili kusimamiwa kidogo. Hospitali za wilaya zilikuwa na modemu za simu, lakini mtandao ulikatika katikati ya kujaza fomu na kazi ikapotea. Hitaji hilo liliwafanya wajenzi wa Oslo kuongeza uwezo wa kivinjari kutunza data kwa muda hadi mtandao urudi. Mabadiliko hayo hayakubaki Kenya, bali yaliingia katika msimbo wa pamoja, na mwenye zahanati katika nchi nyingine, asiyewahi kusikia habari za modemu zile, akayapata. Hivi ndivyo programu huria inavyotakiwa kufanya kazi, na katika uwanja wa afya kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyofanya.

Swali la mtafiti wa lugha linaanzia hapo. Ikiwa hitaji la modemu liliweza kusafiri kutoka Kenya hadi Oslo na kurudi, hitaji la Kiswahili lilisafiri wapi?

3. Kilinux: tafsiri iliyotangulia asasi

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kiliendesha mradi wa Kilinux. Lengo lake lilikuwa kuzifanya programu huria zizungumze Kiswahili, na tunda lake la kwanza kubwa lilikuwa Jambo OpenOffice, iliyotolewa Desemba 2004: kichakata matini, lahajedwali na programu ya mawasilisho, menyu zake zikiwa kwa Kiswahili. Afrika Kusini ilikuwa tayari imeonyesha njia kupitia mradi wa Translate.org.za, ulioanza mwaka 2001, uliotafsiri programu huria kwa lugha za nchi hiyo. Katika mwaka huo wa 2004 kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza kwamba ingetoa programu zake kwa Kiswahili. Kwa ghafla lugha yetu ikawa na wachumba wawili.

Wanaisimu wengi wa kizazi chetu wanaikumbuka miaka hiyo kwa mijadala ya istilahi. Kenya ilikuwa na tarakilishi, neno lililofinyangwa kutokana na tarakimu na akili. Tanzania ilibaki na kompyuta. Kiolesura, hifadhidata, kivinjari, nywila, pakua: maneno haya yalihitaji kuamuliwa kwa haraka, kwa maelfu, na watu ambao baadhi yao walikuwa wanasayansi wa kompyuta kabla ya kuwa wanaistilahi. Mengi yaliyozaliwa wakati huo yanaishi. Tunaona kwamba mchango mkubwa wa kipindi hicho ulikuwa msamiati kuliko programu yenyewe, na hatusemi hivyo kwa kejeli, maana msamiati hauhitaji seva.

Programu yenyewe iliingia katika safari ndefu. OpenOffice.org ilitokana na programu ya kampuni ya Kijerumani, StarDivision, iliyonunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999, na msimbo wake ukafunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun, na kabla ya mwaka huo kwisha wachangiaji wengi wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Leseni iliruhusu tafsiri zote zihame pamoja nao, Kiswahili kikiwemo. Msimbo unaokitambulisha Kiswahili katika programu hizo ni sw-TZ, alama ndogo inayotukumbusha kwamba kazi ilifanyika Dar es Salaam. Ni alama isiyofaa sana kwa mtumiaji wa Mombasa, Kampala au Bujumbura, lakini imekaa.

Tatizo ni kwamba programu haikai kama kitabu. Kamusi iliyochapishwa mwaka 2004 bado inasomeka mwaka 2024, ikiwa na upungufu wake. Programu iliyotafsiriwa mwaka 2004 huongezewa menyu, ujumbe wa makosa na maelezo mapya kila toleo, na kila kisichotafsiriwa huonekana kwa Kiingereza. Baada ya matoleo kadhaa mtumiaji hukutana na skrini yenye lugha mbili zilizochanganyika bila mpango, akachoka, akarudi kwenye Kiingereza kitupu ambacho angalau kina utaratibu. Mradi wenye muda maalumu na wafadhili wa muda maalumu hauwezi kuuzuia uchakavu huu, hata wafasiri wake wawe hodari namna gani. Jambo OpenOffice ilikuwa na chuo kikuu nyuma yake. Ilichokosa ni ofisi ambayo ingeshindwa kufunga hesabu za mwezi kama menyu zisingekuwa za Kiswahili.

4. Ngeli na nafasi iliyoachwa wazi

Katika kazi hii liko tatizo moja ambalo wanasayansi wa kompyuta hulipita haraka nasi tungependa kukaa nalo. Programu nyingi huria hutumia utaratibu unaokusanya sentensi zote za kiolesura katika faili moja, kila sentensi ikisubiri tafsiri yake. Ili kupunguza idadi, waandishi wa programu huandika sentensi yenye nafasi wazi, kisha kompyuta huijaza: kitu fulani kimefutwa. Kwa Kiingereza sentensi moja inatosha kwa vitu vyote. Kwa Kiswahili faili limefutwa, ujumbe umefutwa, picha imefutwa, kidokezo kimefutwa na mtumiaji amefutwa. Mfasiri anayeona nafasi tupu peke yake hawezi kujua aandike nini, kwa sababu upatanisho wa kisarufi unategemea nomino ambayo bado haijafika.

Utaratibu huo unajua kushughulikia umoja na wingi. Huuliza kila lugha ina maumbo mangapi ya wingi, na Kiswahili hujibu mawili, sawa na Kiingereza. Swali la ngeli haliulizi, kwa kuwa waliouanzisha hawakuwa na lugha ya Kibantu akilini. Hata wingi wenyewe huleta vituko. Mwandishi wa programu ya Kiingereza anapotaka kukwepa uamuzi, huongeza herufi moja ya wingi mwishoni mwa nomino, ndani ya mabano. Kiambishi chetu cha wingi kiko mwanzoni, nacho hubadilika kwa ngeli, na mara nyingine hakipo kabisa.

Wafasiri wamebuni njia za kuponea. Ya kwanza ni kutumia kitenzijina, kwa mfano kufuta kumekamilika, kisha nukta pacha na jina la kitu, ili upatanisho uangukie kitenzi chenyewe. Ya pili ni kulazimisha ngeli ya i-/zi- kila mahali, na ndiyo inayozaa sentensi kama mtumiaji imefutwa, ambazo humfanya msomaji acheke mara moja kisha asiiamini programu tena. Ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi: kumwendea mwandishi wa programu na kumtaka aivunje sentensi moja kuwa tano. Katika programu miliki mfasiri hupewa orodha ya maneno na tarehe ya mwisho, na hana wa kumwendea. Katika programu huria msimbo uko wazi. Mfasiri anaweza kuangalia sentensi inajazwa na nini, akapendekeza marekebisho, na marekebisho hayo yakazinufaisha lugha zote zenye ngeli, Kinyarwanda, Kirundi na Kiganda zikiwemo.

Hiyo ni kazi ya mtu anayejua sarufi ya Kibantu na pia anajua kusoma msimbo, aliyeajiriwa kwa muda wa kutosha kubishana na wajenzi walio mbali. Leseni humruhusu. Mshahara wake hautoki kwenye leseni.

5. Tabaka mbili za lugha katika mfumo mmoja

Turudi kwenye afya. Tangu miaka ya 1990 zahanati za Tanzania zimeandika kazi zao katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kipo kitabu cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha uzazi, na vingine, kila kimoja kwa namba yake. Vitabu hivi ni vya Kiswahili. Vinastahili kuhesabiwa miongoni mwa matini za Kiswahili za kitaalamu zinazotumika sana, kwa sababu hujazwa kila siku ya kazi na maelfu ya wauguzi na matabibu, ingawa ni nadra kuwaona wanaisimu wakivitolea mifano. Istilahi zake hazikutoka kwenye warsha ya wiki mbili. Zimesuguliwa na matumizi. Muuguzi anayeandika hudhurio la marudio au mahudhurio ya kwanza kabla ya wiki 12 anatumia msamiati ambao maana yake imeamuliwa na kazi.

DHIS2 ilipokuja, takwimu za vitabu hivi zilianza kuingizwa katika kompyuta kila mwezi. Hapo ndipo muundo wa mfumo unapohitaji kuelezwa. DHIS2 ina lugha katika tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni majina ya fomu, viashiria na vituo, ambayo asasi yenyewe huyaandika na kuyabadilisha ipendavyo bila kugusa msimbo. Tabaka la pili ni kiolesura cha programu: vitufe, menyu, ujumbe wa makosa. Hili ni mali ya pamoja ya nchi zote, na tafsiri yake huchangiwa katika hazina moja. Tabaka la kwanza liko mikononi mwa wizara, na neno la MTUHA linaweza kuhamia humo bila kumwomba mtu wa Oslo ruhusa. Tabaka la pili halina mwenyewe katika ukanda wetu. Si la Dodoma, si la Nairobi, si la Kigali. Kila wizara ina sababu nzuri ya kungoja jirani alifanye.

Ni vyema ikumbukwe kwamba kundi la HISP Tanzania lilikulia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kilekile cha Kilinux, na katika muongo uleule. Kazi mbili za programu huria zilikaa jirani. Moja iliishia kuwa msamiati na kumbukumbu. Nyingine imedumu hadi leo. Tofauti kati yao haikuwa ubora wa wataalamu wala aina ya leseni. Takwimu za afya zina tarehe ya kuwasilishwa kila mwezi, na yuko afisa wa wilaya atakayepiga simu zisipofika. Tafsiri haikuwa na afisa wa namna hiyo.

Ushindi wa kazi ya pili nao usisifiwe kupita kiasi. Miradi mingi ya taarifa za afya imesimama kwa fedha za nje: Norway kwa DHIS2, Marekani kwa sehemu kubwa ya mifumo ya wagonjwa wa virusi vya UKIMWI. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipotangaza kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, kazi zilizolipwa kwa fedha hizo zilisimama, ilhali leseni za programu zilibaki huria vilevile. Aliyedhani kwamba uhuria ni kinga ya kutosha alipata fursa ya kufikiri upya.

Tuongeze, kwa kupita, kwamba Kiswahili hakijakosekana kabisa katika ulimwengu wa programu huria. Kimo katika majina. Ushahidi ilizaliwa Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ikatumiwa Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010 na watu wasiojua neno hilo lina ngeli gani. Mwaka 2017 ilitolewa Mojaloop, programu huria ya kuunganisha malipo ya simu na benki, nayo imejipachika moja yetu. Lugha inayotoa majina kwa bidhaa na isipewe menyu iko katika hali ya mgeni wa heshima anayesalimiwa mlangoni na kuachwa ukumbini.

6. Kamusi ya dhana na jina la mgonjwa

OpenMRS ina sifa moja ambayo mwanaleksikografia huitambua papo hapo. Katikati ya mfumo kuna kamusi ya dhana. Kila kitu kinachoweza kuandikwa kuhusu mgonjwa, iwe homa, dawa, kipimo au jibu la swali, ni dhana yenye namba yake, na namba hiyo ndiyo inayohifadhiwa. Majina huambatishwa baadaye, kwa lugha yoyote, na dhana moja inaweza kuwa na jina la Kiingereza, la Kifaransa na la Kiswahili kwa pamoja, bila data yenyewe kubadilika. Daktari wa Rwinkwavu na daktari wa Eldoret wanaweza kusoma maneno tofauti juu ya namba ileile. Chuo Kikuu cha Columbia kimekuwa kikitunza kamusi ya namna hii, CIEL, yenye makumi ya maelfu ya dhana, ambayo asasi nyingi huianzia.

Hii ni kazi ambayo wanaistilahi wa Kiswahili wangeweza kuianza bila kumngoja mwandishi wa programu. Ngeli hazisumbui, kwa kuwa majina ya dhana hayaingii katika sentensi. Kinachohitajika ni orodha, vitabu vya MTUHA mezani, na mamlaka ya kuamua. Mamlaka ndiyo mtihani. Kenya ilikifanya Kiswahili lugha rasmi katika katiba ya mwaka 2010. Rwanda ilikipa hadhi hiyo mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda likakubali mwaka 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Hakuna kati ya maamuzi haya linalomtaja anayepaswa kukaa chini na kuandika jina la Kiswahili la dhana namba fulani katika faili ya mgonjwa wa Kayonza au Kakamega, na sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambazo bado kinatafuta kiti tunajua jinsi hadhi rasmi inavyoweza kupita juu ya ofisi bila kugusa meza.

Mfano mmoja utaonyesha kwa nini uamuzi huo si wa kuachiwa mashine ya kutafsiri. Katika kliniki za tiba na matunzo, mgonjwa asiyeonekana kwa muda uliowekwa huingizwa katika dhana ambayo Kiingereza humwita aliyepotea katika ufuatiliaji. Neno ambalo msemaji wa Kiswahili hulifikia haraka ni mtoro. Ni fupi, linatoshea kwenye kitufe, na kila mtu analielewa. Lakini mtoro ni mwanafunzi aliyekwepa shule au mfanyakazi aliyekimbia kazi. Neno limekwisha kutoa hukumu. Mgonjwa huyo huenda alikosa nauli, alihamia kwa dada yake mkoa mwingine na anachukua dawa huko, au alikwisha kufariki bila kituo kuarifiwa. Aliyepotea ni neno pole zaidi, ila linaacha shaka ni nani aliyempoteza mwenzake. Asiyefika kliniki lina urefu wa maneno mawili na linasema tu kile ambacho muuguzi anakijua kwa hakika, kwamba tarehe ilipita na mtu huyo hakuonekana. Sisi tungechagua hilo. Kiswahili chetu cha UKIMWI kimewahi kufanya uteuzi mzuri wa aina hiyo. Dawa za kufubaza virusi ni istilahi iliyo sahihi kuliko nyingi za Kiingereza, kwa kuwa haiahidi kuua kisichouawa.

Dhana hiyo ina namba, na namba haina aibu wala lawama. Jina litakaloambatishwa litasomwa kwenye skrini na muuguzi, na mara nyingine na mgonjwa mwenyewe aliyekaa upande wa pili wa meza, shingo imepinda, akijaribu kuona kilichoandikwa juu yake.